Namba Zinaanzia Wapi, Kulia au Kushoto?

Wengi wetu hapa Muscat tuna lugha mbili za nyumbani: Kiarabu, kinachosomwa kutoka kulia, na Kiswahili, kinachosomwa kutoka kushoto. Je, namba nazo zimekaa upande gani akilini mwetu?

Mwaka 1993 Stanislas Dehaene na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha kuwa watu hubonyeza kitufe cha kushoto upesi zaidi wakiona namba ndogo, na cha kulia wakiona namba kubwa. Mwaka 2009 Shaki, Fischer na Petrusic wakalinganisha wasomaji wa aina tatu. Wakanada walikuwa vivyo hivyo. Wapalestina wakawa kinyume: ndogo kulia, kubwa kushoto. Waisraeli, wanaosoma maneno kutoka kulia lakini tarakimu kutoka kushoto, hawakuegemea popote.

Sisi je? Chukua 25. Mwarabu husema "khamsa wa ishrin", tano na ishirini. Mswahili husema "ishirini na tano". Neno ishirini tumelichukua kwa Waarabu, mpangilio hatukuuchukua! Kwa hiyo anayetajiwa namba ya simu mbili mbili kwa Kiarabu husikia tano, akaishikilia, akangoja ishirini, ndipo aandike.

Kwa wazee wetu mambo yalikuwa magumu zaidi, nasi tunadhani hapa ndipo penye utamu. Wao waliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Jicho likitoka kulia hukutana kwanza na ٥ ya ٢٥, na mdomo wa Kiswahili unataka ishirini kwanza. Basi jicho huiruka tano, likasoma ishirini, kisha likarudi.

Ndiyo maana hatupendi mwenzetu anapochekwa na jamaa kwa kutamka 52 badala ya 25, akaambiwa Kiswahili kimempotea. Hakijampotea, anahesabu kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Sasa klabu inataka kuchora ukutani mstari wa miaka ya familia zetu, ukiwa na 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, na 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na wengi wakaanza kurudi Oman. Maelezo yatakuwa ya Kiswahili. Baadhi yetu tunataka 1964 ikae kulia, kama wazee walivyoandika. Wengine wanasema wageni watausoma mstari kinyume, waone watu wanarudi kabla hawajaondoka. Kura ni mkutano ujao.