Taji la Mrembo Lafaa Nini Katika Nchi ya Ukame?

Kila mwaka nchini Kenya wasichana hushindana katika mashindano ya urembo, na yule anayeshinda huvikwa taji mbele ya watu. Baada ya sherehe hiyo huonekana katika picha akiwa hospitalini, shuleni, au penye watoto yatima, akigawa unga, vitabu na sabuni. Wako watu wanaoiona kazi hiyo kuwa njema, na wako wanaosema kwamba ni kujionyesha tu. Makala haya yaeleza desturi hiyo ilivyoanza, na jinsi inavyoweza kuleta faida au hasara katika miji ya Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana. Tumeichagua miji hiyo kwa sababu kila mmoja ulimzaa msichana ambaye jina lake lilianza kusikika kwa njia ya mashindano ya urembo, kisha likafika mbali duniani.

DESTURI HII ILIVYOANZA

Shindano la Miss World lilianzishwa mjini London mwaka 1951 na Bwana Eric Morley. Katika miaka ile ya kwanza kilichotazamwa zaidi kilikuwa sura, umbo na mwendo. Watu wengi waliyalaumu mashindano ya namna hiyo, wakisema kwamba yanamfanya mwanamke kuwa kama bidhaa ya mnadani. Na mwaka 1970 wanawake waliingia katika ukumbi wa Royal Albert Hall na kulivuruga shindano lenyewe. Mwaka 1972 Bibi Julia Morley, mkewe Bwana Morley, alianzisha mpango ambao jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Urembo Wenye Kusudi". Nia yake ni kwamba washindani waonyeshe pia kazi ya hisani waliyoifanya kwao. Mashindano mengine mengi yaliifuata njia hiyo, na ndiyo sababu mrembo wa siku hizi, akiisha kuvikwa taji, hutazamiwa kwenda kuwatumikia watu.

Lakini yafaa kukumbuka mambo mawili. La kwanza, taji kwa desturi huvaliwa mwaka mmoja tu, kisha hupewa mwingine. La pili, huyo mwenye taji kwa kawaida si daktari, wala si mwalimu, wala si fundi wa visima. Mali yake kubwa ni jina. Akienda mahali, watu hukusanyika na waandishi wa habari humfuata. Basi swali si kama yeye ni mwema au si mwema. Swali ni hili: macho hayo yanayomfuata, anayaelekeza wapi?

BINTI WA LODWAR

Bibi Ajuma Nasenyana alizaliwa Lodwar mwaka 1984. Alipokuwa msichana sifa yake ilikuwa katika mbio, si katika mavazi. Mwaka 2003 aliingia katika mashindano ya Miss Tourism Kenya, akapata taji la Nairobi. Kutoka hapo alichukuliwa na mawakala wa mitindo, akawa mwanamitindo wa kutembea katika maonyesho makubwa ya Ulaya na Marekani, akivaa kazi za mabingwa kama Vivienne Westwood.

Alipokwisha kujulikana, alitumia jina lake kupinga jambo moja lililo karibu sana na wasichana wa kwao. Alisema hadharani kwamba si haki kuwafundisha wasichana wa Kenya kuwa ngozi nyeusi na nywele za kipilipili ni kasoro ya kurekebishwa. Neno hilo lilikuwa na uzito kwa sababu yeye mwenyewe ni mweusi wa Turkana, na weusi huo huo ndio uliosifiwa katika miji mikubwa ya mitindo. Tena lilikuwa neno lenye faida kwa afya, kwa kuwa baadhi ya dawa za kujichubua zina zebaki, nayo zebaki hudhuru figo. Huduma ya namna hiyo haikuhitaji lori la unga wala hema la wageni. Ilihitaji mtu anayesikilizwa, na neno la kweli.

BINTI WA KAKUMA

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wengi walipoingia Kenya wakikimbia vita vya Sudan. Baadaye walikuja watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na nchi nyingine. Mwaka 1997 alizaliwa humo Bibi Halima Aden, mtoto wa jamaa ya Kisomali. Alipokuwa bado mdogo alihamia Marekani pamoja na jamaa yake, wakakaa katika jimbo la Minnesota. Mwaka 2016 alishindania taji la Miss Minnesota USA akiwa amejifunika kichwa kwa hijabu, na katika sehemu ya mavazi ya kuogelea alivaa vazi la stara la mwili mzima. Hakushinda taji, ila alifika nusu fainali, na habari zake zikaenea duniani. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa balozi wa UNICEF, na mwezi wa Juni mwaka huo alirudi Kakuma kuhutubia mkutano wa TEDx, wa kwanza kufanywa ndani ya kambi ya wakimbizi. Mwishoni mwa mwaka 2020 aliacha kazi ya maonyesho ya mitindo, akieleza kwamba ilimtenga na imani yake.

Habari yake ina fundisho kubwa kwa jambo tunalolieleza, maana yeye amekaa pande zote mbili. Katika mazungumzo na BBC mwaka 2021 alisimulia kwamba, alipokuwa mtoto kambini, wageni mashuhuri walipokuja watoto waliimba na kucheza mbele yao. Aliporudi akiwa mgeni mashuhuri yeye mwenyewe, aliwauliza watoto kama mambo bado ni vile vile, nao wakamjulisha kwamba bado. Jambo hilo lilimsikitisha.

Msomaji huenda akauliza: kuna ubaya gani mtoto akimwimbia mgeni? Kumwimbia mgeni ni adabu njema, na Waturkana wa Lodwar hufurahia ngoma. Lakini mtoto anayejua kwamba unga utashushwa baada ya ngoma, haimbi tena kwa furaha, analipa. Na picha yake ikipigwa akiwa na njaa au machozi, picha hiyo hubaki duniani hata atakapokuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

NGUVU YA PICHA

Hatusemi kwamba picha hazina faida. Mwezi wa Julai 2011, habari za njaa ya Turkana zilipoonyeshwa katika televisheni, ulianzishwa mchango ulioitwa Kenyans for Kenya, pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya. Wananchi, hata wenye mapato madogo, walituma fedha kwa simu zao, na lengo la kwanza la shilingi milioni 500 likapitwa. Mwananchi wa Kisumu au Mombasa hakuweza kumwona mwenzake wa Turkana kwa macho. Alimwona kwa picha, akamhurumia, akatoa.

Na haja za nchi hiyo ni kubwa. Turkana ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na katika sensa ya mwaka 2019 watu wake walihesabiwa kuwa 926,976. Mji wa Lodwar uko kando ya mto Turkwel. Kutoka hapo hadi Kakuma ni yapata kilomita 120, na huko mto ni Tarach, ambao kwa muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Akina mama na wasichana huchimba visima katika mchanga huo, wakayateka maji kwa kikombe hata mtungi ujae. Kakuma pamoja na makao mapya ya Kalobeyei yana wakimbizi wapatao laki tatu, na mwaka 2025 posho yao ya chakula ilipunguzwa sana kwa kukosekana fedha za wafadhili. Mahali penye haja kama hizo hakuna anayeweza kudharau msaada. Lakini msaada una hesabu yake.

HESABU YA ZAWADI

Chukua mfano wa sodo, ambazo warembo wengi huzigawa mashuleni. Tuseme shule ina wasichana 200, na kila mmoja huhitaji pakiti moja kwa mwezi. Kwa miezi tisa ya masomo shule hiyo huhitaji pakiti 1,800. Mgeni akileta pakiti 200, amefanya jambo jema, lakini amemaliza haja ya mwezi mmoja. Miezi minane imebaki, na msichana atakosa masomo kama alivyoyakosa kwanza.

Sasa tazama njia nyingine. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya Kenya ilirekebishwa, ikaipa serikali wajibu wa kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule waliokwisha kubalehe. Mgeni mwenye jina akifika shuleni, akamwuliza mwalimu mkuu mara ya mwisho sodo za serikali zilipofika, zikatosha wangapi, kisha akalipeleka jibu hilo kwa wakubwa wanaohusika na kwa magazeti, huenda swali lake likaleta zaidi ya pakiti zake 200. Zawadi na swali haviteti. Vyaweza kwenda pamoja katika gari moja.

KUONEKANA NA KUJITOLEA

Kuonekana ni kazi ya saa mbili, na kujitolea ni kazi ya miezi. Turkana ina watu wengi wanaojitolea ambao hawajavikwa taji. Wako wakimbizi wanaofundisha katika shule za kambi kwa posho ndogo tu. Wako wahudumu wa afya wa jamii, ambao mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa mikoba ya vifaa, wapatao 100,000 katika nchi nzima. Mhudumu huyo hupita nyumba kwa nyumba, na kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 huzungusha utepe wa rangi katika mkono wa juu. Utepe ukionyesha kijani, mtoto yu salama. Ukionyesha manjano, yaani chini ya sentimita 12.5, amekonda na anahitaji kuangaliwa. Ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, yumo hatarini na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Turkana jembe hilo laweza kuwa mtungi wa maji, au daftari la mhudumu wa afya. Mwenye taji akifuatana na mhudumu huyo kwa juma moja, akabeba mkoba wake na kuandika hesabu, ataondoka akijua jambo la kweli la kuwaambia watu wa Nairobi. Tena mama aliyekuwa akiogopa kumpeleka mtoto kupimwa huenda akatoka nyumbani siku hiyo ili amwone mgeni, na mtoto wake akapimwa.

ZIARA NJEMA HUPANGWAJE?

Kwanza, mgeni aandike barua mapema kwa idara ya kaunti inayohusika, na kwa kambi apate ruhusa ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Aulize wenyeji wanahitaji nini kabla ya kununua kitu. Yamkini watamwambia kwamba vitabu wanavyo, bali pampu ya kisima imeharibika.

Pili, awakumbuke wenyeji na wakimbizi pamoja. Waturkana waishio karibu na kambi wana kiu na njaa kama wageni wao, na zawadi inayopita mlangoni mwa mmoja kwenda kwa mwingine huzaa chuki.

Tatu, mtoto asipigwe picha bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini hiyo kabla ya kutumia habari za mtoto. Na zawadi zitolewe hata kama hakuna picha.

Nne, ngoma ikichezwa, ichezwe kwa hiari, wala masomo yasikatizwe siku nzima kwa kumngojea mgeni aliyechelewa njiani.

Tano, kabla ya mwaka wa taji kwisha, kazi ikabidhiwe kwa watu wa pale pale: kamati ya shule, kikundi cha akina mama, au kituo cha afya. Hesabu ya fedha isomwe mbele yao, na jina la mtu wa kuulizwa lijulikane.

Walimu wakuu na wazee wa mitaa nao wana sehemu yao. Si utovu wa adabu kumwuliza mgeni swali, wala kumwambia kwamba siku aliyoichagua ni siku ya mtihani. Na msichana wa Lodwar au Kakuma anayetamani taji, asidhani kwamba ni lazima angoje kuvikwa ndipo aanze kutumikia. Mkoba wa mhudumu wa afya una uzito ule ule kwa mwenye taji na kwa asiye nalo, na mtoto anayepimwa mkono hatambui tofauti.