Somo la Redio: Siri ya Mgonjwa

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wa darasa ameandika ubaoni maneno matatu: siri, ridhaa, heshima. Yasomeni pamoja naye kwa sauti. Vema.

Leo twazungumza juu ya kazi ya muuguzi, ambaye wengi wetu twamwita nesi. Hatutasema habari za sindano wala vidonge. Twasema juu ya mambo anayoyasikia.

Fikirini zahanati ya kijiji kama Murukulazo. Huko muuguzi hakai mbali na wagonjwa wake. Huchota maji pamoja nao, hununua ndizi katika gulio lile lile. Asubuhi mama fulani anapimwa damu. Jioni wifi yake anakutana na muuguzi njiani. "Nesi, wifi yangu anaumwa nini? Mimi si mgeni, ni mtu wa nyumbani." Na kweli ni mtu wa nyumbani, yeye ndiye ampikiaye uji na kulala na watoto. Hana nia mbaya hata kidogo. Ajibiwe nini?

Ajibiwe hivi: "Dada, muulize mwenyewe. Habari hizo ni zake." Jibu hili ni gumu, maana laonekana kama kiburi. Lakini muuguzi akikunja uso, au akisema, "Mungu atamsaidia," amekwisha toa siri bila kuitaja.

Mkoa wa Kagera wajua uzito wa jambo hili. Ndipo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa, mwaka 1983. Mtu aliogopa midomo ya majirani sawa na ugonjwa wenyewe, na mwenye kuogopa hivyo haendi kupimwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru majibu ya kipimo yawe siri, isipokuwa kwa watu wachache inaowataja.

Tena kuna lugha. Kikongwe asemaye Kishubi au Kihangaza tu huja na mwanawe wa kiume awe mkalimani. Je, mambo ya uzazi atayataja mbele ya mwanawe? Atasema kichwa chauma, naye atapewa dawa ya kichwa! Muuguzi mwema humwomba kijana asubiri nje, akatafuta mwanamke wa pale zahanati ajuaye lugha ile. Kisha, kabla ya kumgusa: "Bibi, nataka kukupima tumbo. Waniruhusu?" Hiyo ndiyo ridhaa. Akikataa, aelezwe tena kwa upole, asishikwe kwa nguvu.

Sasa mtauliza, je, siri hufichwa daima? La. Mwezi wa Januari 2025 homa ya Marburg ilizuka Biharamulo, wilaya jirani ya Ngara. Ilitangazwa tarehe 20 Januari, na tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba imekwisha. Watu 10 walikufa. Mwaka 2023 ugonjwa huo huo ulikuwa umeua watu 6 huko Bukoba Vijijini, mmoja wao mfanyakazi wa afya. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, hata ya maiti. Muuguzi akiziona dalili zake akanyamaza, ukimya wake utaua watu.

Lakini angalieni anampasha nani habari. Anampasha mganga wa wilaya, si watu wa gulioni. Waliomgusa mgonjwa huandikwa na kuangaliwa siku 21, kwa hiyo nao lazima waambiwe. Wengine wote hawahitaji jina lake. Na muuguzi mwenyewe, je, akimbie? Hasha. Lakini wala asidaiwe kumhudumia mgonjwa wa namna hiyo kwa mikono mitupu. Waliomwajiri wadaiwa glavu na mavazi ya kujikinga, nami nasema wadaiwe kwanza wao.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni kwa sentensi mbili jibu ambalo ninyi mngempa yule wifi. Kisha msomeane wawili wawili, mmoja awe wifi, mwingine muuguzi. Wifi asikubali upesi.