Kutoka Kumbukumbu za Ukoo hadi Riwaya ya Kihistoria

Baadhi ya wanafunzi wanaochunguza historia ya koo zao hutamani kuigeuza iwe riwaya. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na mipaka ambayo mwandishi hana budi kuiheshimu. Mfano wetu ni Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966.

Wakazi wengi wa mji huu ni wazao wa watu waliokuja kufanya kazi katika migodi na viwanda vya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Tuseme mjukuu amerithi kitabu cha kazi cha babu yake. Ndani yake mna namba ya mfanyakazi, kijiji alikotoka na tarehe ya kuandikwa kazini. Hamna taabu za safari, wala jina aliloitwa na mama yake. Bibi naye hakumbuki tarehe. Huhesabu miaka kwa kuzaliwa kwa watoto, na kwa «mwaka wa mgomo».

Hapo ndipo pa kuanzia. Mwaka wa mgomo ni 1941. Tarehe 9 Desemba askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma, wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na watu wengi wakauawa. Kwa tukio hilo moja mtafiti huweza kupanga mengine: mtoto gani alikuwa amekwisha kuzaliwa, familia ilikaa kambi gani, nani alikuwa angali kijijini. Kwa lugha na mawazo ya watu wa mji, asome historia ya Elisabethville aliyoiandika André Yav kwa Kiswahili mwaka 1965, kwa kufuata maneno ya watumishi wa nyumbani.

Kishawishi kikubwa ni kumweka babu uwanjani siku ile, ijapokuwa hakuna shahidi wala karatasi inayosema kwamba alikuwapo. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kumpeleka mhusika wake pale, lakini mhusika huyo asichukue jina la babu. Riwaya ina haki ya kubuni. Haina haki ya kumzulia marehemu ushujaa au usaliti.

Katika Katanga jambo hili si la adabu ya uandishi tu. Mnamo 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa makwao, hata zile ambazo watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Sentensi moja kuhusu kijiji alikotoka babu yaweza kutumiwa dhidi ya wajukuu. Kwa hiyo mwandishi abadilishe majina na vijiji, awasomee wazee mswada kabla ya kuuchapisha, na aeleze katika dibaji lipi amelisikia, lipi amelisoma, lipi amelibuni. Na bibi akikataa kujibu swali, kimya chake kiheshimiwe: kinaweza kuingia riwayani kama kimya, bila kujazwa.

Kwa kumalizia, twamshauri mwandishi chipukizi aanze na wazee kabla ya kwenda kwenye hifadhi za nyaraka. Karatasi iliyotunzwa vizuri yaweza kungoja mwaka mwingine. Bibi huenda asingoje.