Mzazi wa zafarani bado yuko mlimani

Ndugu msomaji unayepima zafarani kwa gramu pale mpakani, je, wajua mmea wake hauzai mbegu? Popote ulipo ulipandwa kwa tunguu, na mkono wa mtu. Hata mimea ina wakimbizi wake.

Kwao ni wapi? Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa umetokana na ua la mwitu la Attica, Ugiriki. Ukilitafuta, panda vilima vya mawe karibu na Athens, Oktoba au Novemba, mvua zikishaanza. Inama: ni ua la zambarau, urefu wa kidole tu, lenye nyuzi nyekundu. Hesabu vijiti vya chavua. Vitatu, ndilo. Sita, ni kolkikumu, na hilo ni sumu inayoua.

Tunguu liache ardhini.