Bamba la Chini ya Gari

Mama mwenzangu, kama gari lenu dogo la dizeli hupita njia za vijijini Maswa, usione bamba la chini ni anasa ya baba watoto. Jiwe likipasua sampo, lile beseni la oili chini ya injini, oili humwagika yote. Dereva asipozima upesi injini hufa, na ada za watoto huishia gereji.

Plastiki huzuia matope tu. Aluminiamu ni nyepesi, lakini ghali. Mimi ningechagua chuma: ni kizito, ila kikipinda fundi yeyote hukinyoosha kwa nyundo. Lisiguse sampo, na liwe na matundu ya hewa na ya kumwagia oili. Wakati wa mvua lifunguliwe lioshwe. Udongo mweusi wa mbuga hujazana juu yake, hata ndoo nzima.