Shauku katika Barua za Kiingereza

Tulipata kuiona nakala ya barua iliyopelekwa kwa wahisani wa nje, ikieleza kwamba wanakijiji wanaungojea mradi wa maji "anxiously". Mwandishi alikusudia kusema kwa hamu. Aliyeisoma alifahamu kwa wasiwasi, akauliza wananchi wanahofu nini. Majibizano yakachukua wiki kadhaa, na mifereji ikabaki mikavu.

Neno lililotakiwa pale ni "eagerly", lenye kuelekea jambo lijalo. "Keenly" lina pia maana ya ukali, kama wa kisu, nalo hufaa zaidi kwa kufuatilia au kuhisi jambo. "Avidly" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya uroho. Msomaji wa vitabu halimdhuru, lakini ofisa anayepokea fedha "avidly" amejishitaki mwenyewe! "Zealously" nalo limebeba bidii ya imani, na mara nyingine kupindukia mipaka.

Hata "enthusiastically", ambalo siku hizi halina ubaya, lina kisa chake. Shina lake ni la Kiyunani, kwa maana ya kuingiwa na mungu. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliifasiri shauku ya namna hiyo kuwa ni dhana tupu ya mtu kwamba yeye peke yake ameteremshiwa wahyi. Sisi tuliopitia chuoni twaujua uzito wa shutuma hiyo.

Na pengine kielezi hakihitajiwi kabisa. Barua ile haikutaja popote kwamba wanakijiji walikuwa wamekwisha kuchimba mtaro wote kwa mikono yao.