Mafua ya Mama wa Mimba: Juu ya Nini Yanakuwa Mazito?



Mafua na kikohozi ni magonjwa tunayozoea. Mtu anapiga chafya siku tatu ine, anakunywa chai ya moto, kiisha anapona. Njo maana mama wa mimba akishikwa na homa na kikohozi, watu wa nyumbani wanasema: «Ni mafua tu, itapita.» Kwa mama wa mimba neno hilo linaweza kuleta hatari. Sikilizeni sababu.

Ugonjwa unatoka wapi?

Gripe na korona zinaletwa na virusi, vijidudu vidogo sana ambavyo macho hayaoni. Vinapita kwa pumzi, kwa kikohozi na kwa mikono michafu. Si ulozi, na si baridi tu.

Homoni ni kitu gani?

Ni vitu ambavyo mwili wenyewe unatengeneza na kutia mu damu. Vinapeleka amri pahali pote, sawa mjumbe anayepeleka barua. Mwanamke iko na estrojeni na projesteroni nyingi. Mwanaume iko na testosteroni nyingi. Homoni hizo zinapanga siku za mwezi, mimba, ndevu na sauti. Lakini zinasema pia na walinzi wa mwili, ni kusema askari wa damu wanaopigana na magonjwa.

Wakati wa mimba kunageuka nini?

Mtoto aliye tumboni, nusu yake inatoka kwa baba. Walinzi wa mwili wa mama wangeweza kumwona sawa mgeni na kumfukuza. Basi kondo la nyuma linatengeneza projesteroni na estrojeni kupita siku zote za maisha ya mama. Projesteroni inaambia walinzi: «Tulieni, huyu ni wetu.» Hiyo ni kazi nzuri, bila yo mimba haikai. Lakini zamu aliyeambiwa asipige mgeni anaweza kuchelewa kumpiga mwizi. Virusi vinapata nafasi.

Tena, tumbo linapokua linasukuma mapafu juu, na moyo unafanya kazi zaidi. Mama anapumua kwa watu wawili. Virusi vikishuka mu mapafu, hana akiba kubwa ya pumzi.

Haya yameonekana wazi. Mu gripe kubwa ya mwaka 1918, iliyozunguka dunia na kufika hata Kongo, wamama wengi wa mimba walikufa. Ikaonekana tena mwaka 1957 na mwaka 2009. Korona ilipokuja mwaka 2020, wamama wa mimba walizidisha wanawake wengine wa miaka yao kwa kuhitaji oksijeni, na watoto wao mara nyingi walizaliwa mbele ya wakati.

Na baba? Na mtoto mwanaume?

Mama mmoja anaweza kuuliza: «Basi wanaume ni wenye nguvu kutupita?» Hapana. Pasipo mimba, estrojeni inasaidia walinzi kuamka, na wanawake wanapokea chanjo vizuri kupita wanaume. Testosteroni inawapunguza ukali. Ni sababu moja ya wanaume kufa wengi zaidi kwa korona. Tumbako na magonjwa ya moyo ni sababu zingine. Hata kwa watoto wachanga, kijana anashikwa na ugonjwa wa mapafu kwa nguvu kupita binti. Njia zake za pumzi ni nyembamba kidogo. Basi msiseme: «Huyu ni mwanaume, atavumilia.»

Tufanye nini?

1. Mama wa mimba akiwa na homa na kikohozi, aje kiliniki siku ile ile. Tutapima malaria pia, sababu homa zinafanana.

2. Aje mbio, hata usiku, kama anakosa pumzi, kama kifua kinauma, kama midomo inageuka rangi, kama akili inapotea, ao kama mtoto hachezi tumboni.

3. Asinywe aspirini wala dawa za sokoni. Parasetamoli inaweza kupunguza homa. Muulize muforomo kiasi.

4. Pahali chanjo ya gripe ao ya korona inapatikana, mama wa mimba anaweza kuipokea. Ile ya gripe inalinda pia mtoto miezi yake ya kwanza.

5. Mama mwenye mafua aendelee kunyonyesha. Anawe mikono na sabuni, afunike mdomo na kitambaa.

6. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake dakika moja nzima, akiwa ametulia. Pumzi 60 na zaidi mbele ya miezi 2, 50 na zaidi tangu miezi 2 mpaka mwaka 1, 40 na zaidi tangu mwaka 1 mpaka 5: lete mtoto. Kama kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, usingoje hata saa moja.

Mama, soma karatasi hii pamoja na bwana yako na mama mkwe. Wao njo watakusindikiza siku ile. Wakisema «ngoja mpaka siku ya soko», waonyeshe namba 1 na namba 2.